Mkono Uliokuwa Juu Siku ya Duara

Mimi silipendi duara. Wako watu wanaoogopa nyoka, wako wanaoogopa radi, na kwetu upande wa Kisii radi ni kitu cha kuogopwa kweli. Mimi ukinialika mkutanoni nikute viti vimepangwa kwa duara, natafuta mlango wa kutokea. Vijana wa siku hizi huniambia, "Mwalimu, duara linamfanya kila mtu awe sawa na mwenzake." Huwajibu kwamba nililiona duara likimtoa mtoto shuleni, tena bila kiboko na bila matusi. Wanacheka, wanadhani bibi ameanza hadithi zake. Basi acha niisimulie yote, maana nimenyamaza vya kutosha na hasira yangu haijapoa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo cha ualimu na viatu vyangu vya kwanza vya kisigino, ambavyo matope ya kwetu yalivimaliza kabla muhula haujaisha. Shule yenyewe ilikuwa juu ya kilima, katikati ya Ikonge na Nyaramba, ya kuta za udongo na mabati mapya. Chini ya shule palikuwa na shamba dogo la chai, na lilikuwa mali ya shule. Chai hiyo ndiyo iliyotununulia chaki na kuweka milango.

Waliochuma ile chai walikuwa akina mama wa wanafunzi. Hawakulipwa. Walikuwa na kikundi chao cha zamu, tunachokiita egesangio: leo wote wanalima kwa huyu, kesho kutwa wanapalilia kwa yule, mpaka kila mmoja amefikiwa, kisha wanaanza upya. Shamba la shule waliliingiza kwenye zamu kama vile ni nyumba ya mmoja wao. Zamu yake ikifika utawaona wanapanda kilima asubuhi na vikapu mgongoni, wanaongea kwa sauti mpaka sisi walimu tunashindwa kufundisha.

Mtoto ninayetaka kumsema alikuwa msichana wa miaka kama tisa hivi. Ugonjwa wa kupooza ulimpata akiwa bado ananyonya, ukamchukulia miguu yote miwili. Alitembea kwa mikono. Baba yake, ambaye alikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya chai kule Kericho na kurudi nyumbani mara mojamoja, alimkatia akala ndogo za tairi. Hazikuwa za miguuni. Alizivaa viganjani, mikanda ikapita nyuma ya mkono, na ukimsikia anakuja kwenye ardhi kavu utasikia tap, tap, tap, na vumbi linamfuata.

Kila ninapofika hapa wasikilizaji wangu husubiri niseme kwamba alikuwa na akili za ajabu, kwamba aliwashinda wote. Hapana. Alikuwa wa katikati. Kusoma aliweza vizuri, hesabu za kugawanya zilimtesa, na alikuwa mropokaji ambaye nilimkanya kila siku ya Mungu. Kwani mtoto mwenye miguu huulizwa kwanza kama ni hodari ndipo apewe nafasi ya kukaa? Mbona wangu aulizwe?

Mama yake alimleta siku ya kuandikisha watoto, amembeba mgongoni na mdogo wake amemshika mkono. Mwalimu mkuu alimwandika yule mdogo. Kisha akamtazama yule wa mgongoni kwa muda, akanigeukia mimi na Kiswahili chake cha ofisini, ili mama asielewe.

"Mwalimu, hii ni shule, si hospitali. Hiyo mtoto ikianguka hapa, mimi nitasema nini kwa mkaguzi?"

"Utasema ameanguka," nikamwambia. "Watoto wote huanguka."

Alikunja uso, lakini hakuwa na mwalimu mwingine wa darasa la kwanza, na mimi nilikwisha kumpokea mtoto mikononi. Ndivyo alivyoingia.

Njia ya kutoka kwao ilikuwa ndefu na ya mteremko, ikinyesha hata mbuzi anateleza. Mama yake hangeweza kumbeba kila siku, alikuwa na mtoto mchanga na chai yake mwenyewe. Niliwauliza wanafunzi, "Mama zenu huwezaje kulima shamba ambalo mtu mmoja haliwezi?" Wakajibu kwa pamoja, "Kwa zamu!" Nikawaambia, "Basi." Sikusema zaidi ya hapo. Wakapanga wenyewe: watoto wa nyumba ya kwanza wanambeba mpaka boma la pili, wa boma la pili wanampokea mpaka la tatu, hivyo hivyo mpaka mlangoni kwangu. Waligombana kuhusu zamu, walimwangusha mara kadhaa, naye akawatukana kwa ufasaha. Hakuchelewa kuliko wengine.

Darasani palikuwa na tatizo moja. Sheria ya wakati ule ilikuwa kwamba mwanafunzi akitaka kujibu anainua mkono, akiitwa anasimama wima, ndipo anafungua mdomo. Yeye aliinua mkono siku ya kwanza, nikamwita, akabaki anatutazama. Wenzake wakacheka. Hakulia, lakini hakuinua mkono tena wiki hiyo, na ukimya wa yule mropokaji ulinichoma kuliko machozi. Jumatatu iliyofuata niliifuta sheria. Nikasema darasani kwangu hakuna kusimama, inua mkono, ukiitwa jibu hapo hapo ulipo.

Mwalimu mkuu alipita dirishani akashangaa. "Watoto wanajibu wamekaa? Mwalimu, hapa ni shule ama ni soko ya Ikonge?"

Nilimwambia sokoni watu husimama. Hakupenda jibu hilo, na nadhani ndipo alipoanza kumtafutia yule mtoto njia ya kutokea. Alipeleka jambo kwenye halmashauri ya shule. Wazee wa halmashauri wakagawanyika, wengine wakisema mtoto akae, wengine wakisema tutalaumiwa. Ndipo ikaja habari kwamba watu wa chuo kikuu, wa kitivo cha elimu, wanazunguka vijijini kufanya utafiti kuhusu watoto wa namna hiyo, na kwamba watafika kwetu. Halmashauri ikashukuru. Ikaamua kwamba neno watakalosema wasomi hao ndilo litakalofuatwa, mtoto abaki au aende nyumbani.

Nitakubali kwamba hata mimi nilifurahi. Nilidhani msomi wa elimu akimwona tu mtoto anavyopanda kizingiti cha darasa kwa mikono yake, maneno yataisha.

Walikuja watatu: mhadhiri mwenyewe, na wanafunzi wake wawili wenye madaftari. Mhadhiri hakuwa mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa safi, na alimpa kila mtu mkono, hata watoto. Sikumwona na dharau yoyote. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya, maana mtu mbaya unamjua na unamkwepa. Huyu alikuja na moyo mwema na kitabu kichwani, na moyo mwema wa namna hiyo umewaumiza watu wetu wengi.

Wazazi walikuwa wamekuja wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani. Walikaa nje kama tunavyokaa siku zote, wazee upande wa jua, akina mama upande wa jikoni kwa walimu, kila kundi likiwasikia wenzao lakini haliwatazami usoni. Mhadhiri alipoona hivyo akatikisa kichwa. Akaamuru madawati yatolewe darasani na viti vipangwe kwa duara.

"Leo hakuna mkubwa wala mdogo," akasema, nami nikatafsiri kwa Kigusii. "Hakuna wanaume huku na wanawake kule. Tumezoea kuwatenga akina mama, leo tutawajumuisha. Kila mtu atasema."

Akaanza kuwapanga yeye mwenyewe, kwa furaha, mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Alimshika mama wa yule msichana mkono kwa heshima na kumkalisha. Kisha mzee mmoja akaingia akiwa amechelewa, na kiti kilichobaki kilikuwa kando ya yule mama. Mhadhiri akampeleka mzee kwenye kiti hicho. Mzee huyo alikuwa baba wa mumewe.

Kwa asiyejua mambo yetu, lazima nieleze. Sisi tuna kitu kinachoitwa ensoni. Ni haya, lakini si haya ya mtu aliyefanya kosa. Ni heshima inayowekwa kati ya mzazi na watoto wake wakubwa, na inakaza zaidi kati ya mzee na mkaza mwana wake. Mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkaza mwana hakai bega kwa bega na baba mkwe, na mambo ya mwili hayatajwi mahali ambapo wote wawili wanasikia. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna mtu mzima aliyehitaji kukumbushwa. Watu wanaoishi katika boma moja, wakipitana mlangoni kila siku, ndivyo walivyojua kutunzana.

Mzee alisimama mbele ya kiti kama aliyeambiwa akalie moto. Halafu, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mgeni, akakigeuza akakaa ametazama ukuta. Mhadhiri akamwendea, akacheka kwa upole, akamgeuza tena. Mama akavuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni. Nikatazama duara lile nikaona kwamba hakuwa yeye peke yake. Kulikuwa na wakwe na wakaza mwana watupu mle ndani, kijiji ni kimoja, nyumba zimeoleana, na wote walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu.

Nilimsogelea mhadhiri nikamwambia chini chini, "Mzee, hawa hawataweza kusema hivi. Tuwagawanye. Mimi niende na akina mama jikoni, nyinyi mkae na wazee nje, halafu tukusanye maneno."

Akanitazama kwa huruma. Sijawahi kusahau huruma ile. "Mwalimu, kuwagawanya ndio ubaguzi wenyewe tunaotaka kuuondoa. Wewe tafsiri tu."

Msichana mwenyewe alikuwa amekalishwa katikati ya duara, juu ya mkeka, akala zake mbili zimewekwa pembeni vizuri. Alikuwa karibu kabisa na viatu vya mhadhiri. Alivitazama viatu vile kwa hamu kubwa, maana vilikuwa vya kahawia na viling'aa.

Maswali yalianza kwa mambo ya shamba na mvua, na wazee wawili watatu wakajibu. Kisha mhadhiri akafungua daftari lake akauliza, "Mtoto huyu nani humwogesha? Na akiwa hapa shuleni, nani humpeleka chooni?"

Nani angelitafsiri swali hilo kwa sauti mbele ya wakwe? Nililizungusha. Nikasema mgeni anauliza mahitaji ya mtoto yanatimizwa na nani akiwa mbali na mama yake. Lakini waliofahamu Kiswahili walikwisha kulisikia lenyewe, na mzee akakohoa akakazia macho paa. Hakuna aliyejibu. Mhadhiri akarudia, pole pole, kama unavyomrudia mgonjwa. Kimya.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwa Kiswahili, "Hapelekwi na mtu. Anakwenda mwenyewe. Mimi ni mwalimu wake, namwona kila siku."

"Asante, Mwalimu," akasema, kalamu haikugusa daftari. "Lakini wewe ni mwajiriwa. Tunatafuta sauti ya jamii."

Ndipo nikaona mkono. Yule msichana alikuwa ameinua mkono, umenyooka mpaka kwapa linavuta gauni, kama nilivyomfundisha. Alikuwa anajua Kiswahili cha kutosha kulielewa swali. Tena alikuwa mtoto, ensoni ya watu wazima haikumfunga, angeweza kusema choo mbele ya mfalme.

"Kuna mkono hapo," nikasema.

Mhadhiri akatazama chini. Akatabasamu, akamgusa kichwani. "Subiri kidogo, mtoto mzuri. Watu wakubwa wanaongea."

Na watu wakubwa hawakuwa wanaongea! Walikuwa wanatazama vidole vyao. Katika chumba kile kizima hapakuwa na mtu hata mmoja anayeongea isipokuwa yeye, na mtu mmoja aliyetaka kumjibu aliambiwa asubiri. Mkutano ukaendelea hivyo, swali na kimya, swali na kimya, mpaka akafunga daftari na kuwashukuru wote kwa kushiriki.

Baada ya hapo walikunywa chai na kula ndizi za kupika na kuku. Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walipomaliza, mhadhiri alisimama mlangoni na mwalimu mkuu na wazee wawili wa halmashauri, nami nilikuwa karibu nakusanya vikombe, nikamsikia akitoa neno lililokuwa linangojewa.

"Nimesikitika," alisema. "Jamii hii bado ina aibu kubwa juu ya watoto walemavu. Mmemwona mama? Hakuweza hata kuinua macho. Babu yake aligeukia ukuta. Mtoto hana msaada nyumbani, na hapa hana mtu wa kumpeleka chooni. Kumweka hapa ni kumhatarisha. Afadhali akae nyumbani kwanza mpaka apate nafasi katika shule maalumu."

Shule maalumu ipi? Iko wapi? Hakuitaja, na hakuna aliyeitafuta. Mwalimu mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi. Niliweka vikombe chini nikasema hayo ninayoyasema hapa, kwa sauti ambayo mwanamke kijana hakupaswa kuitoa mbele ya wageni. Mhadhiri alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa uchungu wangu. Hakusema anaelewa maneno yangu. Wakaingia ndani ya gari, wakatupungia mikono.

Jumatatu mtoto hakuja. Watoto wa zamu ya kwanza walikwenda kumchukua wakaambiwa na babu yake kwamba shule imemkataa.

Jioni nilishuka mpaka kwao. Mzee alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Akanisalimu vizuri, kisha akaniuliza, "Mwalimu, yule mtu amesoma sana?"

"Sana, tata," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita baba.

"Na kwao hakuna wazee? Nani alimlea?" Akarudi kwenye mpini wake. Baadaye kidogo akasema, bila kunitazama, "Mimi ndiye niliyechimba kile choo cha huku nyumbani kwa ajili ya mjukuu wangu, nikakifanyia mlango wa chini, apite kwa mikono bila kushikwa. Kama angenijia peke yangu, ningemwonyesha."

Jikoni nilimkuta mama. Yule mwanamke ambaye hakuinua macho siku nzima ya duara alianza kusema kabla sijakaa, na hakupumua. "Mwalimu, ulitaka nifanye nini? Niseme habari za choo bega langu limegusana na la tata? Ningeishije hapa bomani baada ya hapo? Anatukalisha mahali ambapo mdomo haufunguki, halafu anasema hatuna midomo! Mimi nina aibu juu ya mwanangu? Mimi niliyembeba mgongoni mpaka mwalimu wenu mkuu akamtazama kama mzigo wa kuni?" Alikuwa analia na kusonga ugali wa wimbi wakati mmoja. Mwiko ukavunjika, akautupa motoni akachukua mwingine.

Msichana alikuwa kando ya meko, akala zake zimetundikwa ukutani. Aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, nilikosea wapi? Niliinua mkono."

Nilimwambia hakukosea. Nilipanda kile kilima giza likianza kuingia huku nikisema peke yangu kwa sauti, na waliokutana nami njiani walinipisha.

Mwalimu mkuu hakunisikiliza. Wasomi wamesema, akasema, wewe ni nani? Wiki zikapita. Muhula ukawa unayoyoma na mahali pake darasani pakabaki wazi, maana nilikataza mtu yeyote asipakalie.

Kisha ikafika zamu ya shamba la shule. Akina mama walikuja asubuhi na vikapu vyao kama kawaida, lakini hatukusikia kelele. Nilitoka nje. Walikuwa wamekaa ukingoni mwa shamba, wamenyoosha miguu, vikapu vitupu viko pembeni. Mwalimu mkuu akashuka akawauliza kuna nini. Hakuna aliyejibu. Akauliza kama kuna mgonjwa, kama kuna msiba. Wakatazama vidole vyao vya miguu, wote, kama walivyovitazama siku ya duara. Alizunguka pale mpaka jasho likamtoka.

Mwishowe mama mmoja mzee, aliyekuwa kiongozi wa zamu, akasafisha koo. "Mwalimu, tumesikia kwamba sisi ni watu wa aibu na hatuna la kusema. Basi leo tumeona aibu kuingia shambani mwa shule."

Wakainuka, wakabeba vikapu vitupu, wakaenda kwao. Zamu iliyofuata wakaja wakakaa tena. Chai haisubiri mtu. Chipukizi laini likikosa kuchumwa linakuwa jani gumu ambalo kituo cha kupimia hakilipokei, na shamba lile likaanza kuwa kichaka mbele ya macho ya halmashauri. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wazee walioogopa mkaguzi wakaanza kuwaogopa wake zao, na mwenyekiti mwenyewe akapanda kilimani kumwambia mwalimu mkuu amrudishe mtoto wa watu.

Akarudishwa. Alikuja amebebwa na watoto wa zamu ya mwisho, anawakemea kwamba wanamtikisa. Lakini mwaka wa shule ulikuwa unaishia, mtihani ulikuwa umepita, na wenzake waliombeba tangu siku ya kwanza walipanda darasa wakamwacha. Alirudia mwaka na watoto wadogo. Alimaliza la saba akiwa mkubwa kuliko wote, na leo ana cherehani yake ya mkono pale Nyaramba, watu wanapanga foleni, na bado ni mropokaji. Mwaka ule hakuna aliyemrudishia, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Ningeishia hapo kama isingekuwa kozi. Miaka ya sabini ikielekea mwisho, walimu tulipelekwa kozi ya likizo katika kitivo kimoja cha elimu, mbali na nyumbani. Somo la siku ya pili lilikuwa jinsi ya kufanya kazi na jamii. Niliingia ukumbini nikakuta viti vimepangwa kwa duara, nikajua kabla sijamwona. Mvi zilikuwa zimemwingia, lakini alikuwa yule yule, na upole wake ule ule. Hakunitambua.

Alieleza habari nyingi nzuri. Kisha akatoa mfano. Alisema alipata kufika katika jamii moja ya milimani, wakulima wa chai, ambapo aibu juu ya ulemavu ilikuwa imewazidi wazazi kiasi kwamba mama mzazi hakuweza kuinua macho, na babu aligeukia ukuta ili asimwone mjukuu wake. Walimu wenzangu wakasikitika. Mmoja akaandika.

Niliinua mkono. Aliponiita sikusimama, nilijibu hapo hapo nilipokaa, kama tulivyofanya darasani kwangu. Nikamweleza ensoni ni nini, na ni nani aliyemkalisha mama yule kando ya baba mkwe wake, na ni nani aliyemgeuza mzee mara ya pili. Nikamweleza choo chenye mlango wa chini. Nikamweleza shamba la chai. Sikupunguza sauti.

Nitampa haki yake: uso ulimbadilika. Alisogeza kiti chake karibu, kisha akaniuliza, na nadhani aliuliza kwa dhati, "Lakini mama, tulikaa pale siku nzima. Mbona hakuna hata mtu mmoja aliyetaka kutuambia?"

"Alikuwepo," nikamwambia. "Alikuwa kwenye mkeka, karibu na viatu vyako. Ulimwambia asubiri, akasubiri. Mkono wa kulia ulipochoka, akainua wa kushoto."